Kukimbia kwa Ajili ya Selimundu Jijini Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa jamaa na majirani wanaotaka kukimbia ili kuchangisha fedha kwa ajili ya mtoto, dada au mpwa mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi jijini huuita siko seli. Majibu yameandikwa kwa familia na vikundi vidogo. Pale yanapogusa matibabu, neno la mwisho ni la daktari anayemhudumia mgonjwa.

## Mambo ya msingi

1. Selimundu ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Himoglobini, ambayo ndiyo hubeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, huwa na kasoro inayozifanya chembe hizo zijikunje kama mundu pale oksijeni inapopungua. Chembe ya kawaida ni laini na hupenya hata mshipa mwembamba kabisa. Iliyojikunja ni ngumu, hunata na kukwama, na sehemu ya mwili iliyo mbele ya kizuizi hicho hukosa damu. Hapo ndipo yanapotokea yale maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo ambayo kila mzazi wa mtoto mgonjwa anayajua, na kwa watoto wengine hutokea kiharusi. Chembe hizo pia hufa mapema: badala ya kuishi siku 120 hivi, huishi kati ya siku 10 na 20, kwa hiyo mgonjwa huwa na upungufu wa damu maisha yake yote.

Mtoto huugua anaporithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Ikiwa wazazi wote wawili ni wabebaji, yaani kila mmoja ana jeni moja tu yenye kasoro na mwenyewe si mgonjwa, basi katika kila mimba kuna uwezekano wa asilimia 25 kwamba mtoto atakuwa mgonjwa, asilimia 50 kwamba atakuwa mbebaji kama wazazi wake, na asilimia 25 kwamba hatakuwa na jeni hiyo kabisa. Hesabu hiyo huanza upya katika kila mimba. Si kweli kwamba aliyejaliwa mtoto mmoja mgonjwa amekwisha kupata fungu lake na watatu watakaofuata watakuwa salama.

Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja, kulala kitanda kimoja wala kucheza, na hautokani na kurogwa.

2. Mbona unasikika zaidi miongoni mwa familia zenye asili ya Nyanza, Magharibi na Pwani?

Kwa sababu ya malaria. Mtu mwenye jeni moja tu, yaani mbebaji, ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali, kwa hiyo katika maeneo ambako malaria imeua watoto kwa vizazi vingi, wabebaji waliishi na kuzaa, na jeni ikaenea. Daktari Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, aliuonyesha uhusiano huo mwaka 1954 baada ya kuchunguza damu za watu wa Afrika Mashariki. Kinga hiyo ni ya mbebaji peke yake. Mtoto mwenye ugonjwa wenyewe yumo katika hatari kubwa anapopata malaria, na ndiyo maana hupewa dawa ya kuizuia.

Nairobi imepokea watu kutoka pande zote za nchi, wameoana na kuzaa, kwa hiyo hakuna mtaa wa jiji unaoweza kusema kwamba ugonjwa huu ni wa wengine.

3. Fedha zinazochangwa hufanya kazi gani hasa?

Ningependa kila familia ijibu swali hili kabla ya kuchagua mbio, fulana au umbali. "Kusaidia wagonjwa" halijibu lolote. Mchangiaji anayeambiwa kwamba shilingi zake zitanunua dawa ya miezi fulani kwa watoto fulani hutoa kwa moyo mwepesi, na mwaka unaofuata hutoa tena.

Mambo yanayookoa maisha ya mtoto mwenye selimundu mengi hayana makuu. Wengu wake huharibika mapema na mwili hubaki bila mlinzi dhidi ya bakteria, ndiyo maana hupewa penisilini mara mbili kwa siku angalau hadi anapotimiza miaka mitano, pamoja na chanjo ya nimonia ambayo Kenya iliianza mwaka 2011 kwa watoto wote. Huongezwa asidi foliki kila siku na dawa ya kuzuia malaria. Kisha kuna hidroksiyurea, ambayo imebadilisha maisha ya wengi: utafiti uliofanywa katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo, na kuchapishwa mwishoni mwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache, waliugua malaria kwa nadra zaidi, na vifo vilipungua. Ni dawa ya kumezwa kila siku kwa miaka, na inahitaji kipimo cha damu cha mara kwa mara ili daktari aone kwamba haijashusha chembe nyeupe kupita kiasi.

Kinachoziangusha familia ni ule mfululizo usiokoma: dawa ya mwezi huu, kipimo cha mwezi ujao, nauli ya kutoka Kayole hadi kliniki na kurudi, siku ya kibarua iliyopotea. Kwa hiyo, mradi mzuri wa mbio unaweza kuwa kulipia hidroksiyurea na vipimo vyake kwa watoto watatu kwa mwaka mzima, au kuwapima watoto wachanga wa kituo kimoja cha afya kwa vile vipimo vya haraka vinavyotumia tone moja la damu. Mwingine ni kulipia familia kadhaa mchango wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya taifa ya hospitali, NHIF, mnamo Oktoba 2024; kwa asiye na mshahara mchango huo hulipwa kwa mwaka mzima na hauwezi kuwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, kiasi ambacho mama muuza mboga hawezi kukitoa kwa mkupuo mmoja hata akiwa na nia. Chagua moja, pata bei halisi kutoka kwa duka la dawa na kliniki mtakayoitumia, andika hesabu, kisha endelea.

4. Kwa nini tukimbie badala ya kufanya harambee ya kawaida?

Harambee tunaijua na imesomesha wengi wetu, lakini huwa ni ya siku moja na mzigo huwaangukia wale wale waliokwisha kuchanga kwa msiba na kwa karo. Mbio huchukua miezi ya maandalizi, na katika miezi hiyo anayefanya mazoezi huulizwa kila mara anakimbia kwa sababu gani, akajibu, na aliyeuliza akaenda kupimwa kama ni mbebaji. Mimi huhesabu waliopimwa kuwa mapato sawa na fedha. Nairobi pia ina mazoea mazuri ya jambo hili: Mater Heart Run imesaidia watoto wenye ugonjwa wa moyo kwa miaka mingi, na mwaka 2014 Margaret Kenyatta, akiwa mke wa rais, alikimbia London Marathon kwa ajili ya kampeni ya Beyond Zero ya afya ya mama na mtoto.

5. Lazima niwe mkimbiaji?

Hapana. Kilomita tano kwa kutembea ni mbio halali, na shangazi anayetembea huku akiwapigia simu wachangiaji wake huweza kuleta fedha nyingi kuliko kijana mwenye kasi.

## Kuchagua mbio

6. Tujiunge na mbio zilizopo au tuandae zetu?

Kwa mwaka wa kwanza, jiungeni na zilizopo. Standard Chartered Nairobi Marathon, inayofanyika tangu mwaka 2003, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, ina umbali wa kila aina kuanzia kilomita 5 za familia hadi 42, barabara hufungwa, maji yapo na wahudumu wa kwanza wapo. Ninyi mnabaki na kazi mbili tu, kujiandaa na kuchangisha. Kuandaa mbio zenu wenyewe ni kazi ya kamati na ya miezi mingi, na gharama zake zinaweza kuzimeza fedha za dawa.

Kumbukeni kwamba mbio kubwa zina malengo yake ya hisani na nembo zake. Msiandike jina la mbio hizo kwenye mabango yenu kana kwamba waandaaji wameuunga mkono mchango wenu. Semeni tu kwamba familia yenu itashiriki.

7. Ada ya kujiandikisha si ndiyo mchango wenyewe?

Siyo. Ada huenda kwa waandaaji. Mchango wa selimundu ni ule unaoukusanya mwenyewe kutoka kwa watu wako, na ni vyema ada uilipe kwa fedha zako mwenyewe ili mchangiaji asijiulize shilingi yake imeishia wapi.

8. Tukitaka kuandaa zetu, ruhusa hutoka wapi?

Hutegemea njia mtakayoipita. Barabara za jiji zinahitaji idhini ya Kaunti ya Jiji la Nairobi na polisi wa trafiki, na kutegemea barabara yenyewe, ya mamlaka inayoisimamia, iwe KURA kwa barabara za mijini au KeNHA kwa barabara kuu. Msitu wa Karura na ule wa Ngong Road uko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, na kwa kikundi kidogo msitu ni bora kuliko barabara kwa sababu hakuna gari la kusimamisha. Mbio zikiwa za ushindani wenye zawadi, zungumzeni na Athletics Kenya mapema. Wahudumu wa kwanza na ambulansi ni sharti hata kwa watu hamsini; Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance hufanya kazi hiyo.

9. Tuchague tarehe gani?

Wengi huitaka tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani iliyowekwa na azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 2008. Sababu yao ni nzuri, lakini Juni ni mwanzo wa majira ya baridi Nairobi, na baridi ni mojawapo ya mambo yanayoamsha maumivu ya selimundu. Mkiishikilia tarehe hiyo, anzeni saa nne asubuhi badala ya saa kumi na mbili unusu, na msome jibu la swali la 19 kwa makini. Mwezi wa Februari au Septemba hewa ni ya joto na mvua ni chache.

## Mazoezi

10. Sijawahi kukimbia. Nianzeje?

Anza wiki kumi au kumi na mbili kabla ya siku yenyewe ikiwa unalenga kilomita 10. Toka mara tatu kwa wiki. Kimbia dakika moja kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza, tembea dakika mbili, rudia kwa nusu saa. Kila wiki ongeza kidogo muda wa kukimbia na upunguze wa kutembea. Usiongeze umbali na kasi katika wiki moja. Kwa kilomita 21 jipe miezi minne au zaidi, ukiwa na safari moja ndefu kila mwisho wa wiki, na usione kwamba ni lazima uwe umekimbia kilomita 21 kamili kabla ya siku hiyo. Kilomita 17 au 18 zinatosha.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari, maumivu ya kifua au aliyevuka miaka arubaini bila mazoezi amwone daktari kwanza. Kuna familia ambazo mlezi wa mgonjwa ndiye huwa wa mwisho kupimwa chochote, na mbio hizi ni sababu nzuri ya kwenda.

11. Nifanyie wapi mazoezi jijini?

Karura kuna vijia vya udongo vilivyowekwa alama, kivuli na walinzi, na udongo huhurumia magoti. Walio karibu na Lang'ata na Kibra huutumia msitu wa Ngong Road, wakiwa kundi. Asubuhi za Jumapili utakuta watu wengi wakikimbia kando ya Southern Bypass, lakini kimbieni mkiyaelekea magari yanayokuja na mvae nguo zinazong'aa. Epukeni barabara zenye msongamano saa za asubuhi za kazi kwa sababu ya moshi, na dada asikimbie peke yake gizani hata kama mtaa ni wake.

12. Ninakuja kutoka Mombasa kukimbia na jamaa. Kuna tofauti?

Ipo, na ni kubwa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pumzi itakuishia mapema. Punguza kasi yako ya kawaida na ufike siku chache kabla ukiweza.

13. Viatu vya bei kubwa ni lazima?

Si lazima. Mitumba ya Toi na Gikomba ina viatu vizuri vya kukimbilia. Kagua soli kama haijalika upande mmoja, bonyeza kisigino uone kama bado kina nguvu, na uchague kilichoacha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Vizoee kwa wiki kadhaa kabla ya mbio.

## Fedha

14. Fedha ziwekwe wapi?

Zisiwekwe kwenye laini ya simu ya mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Salio la M-Pesa la mtu binafsi lina kikomo cha shilingi 500,000 na muamala mmoja hauzidi 250,000, lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba fedha za mchango huchanganyika na za unga na za kodi ya nyumba, na baada ya miezi miwili hata mwenye laini hawezi kuzitenganisha. Fungueni akaunti ya benki au ya sako kwa jina la kikundi, yenye watia saini watatu na ambayo haitoi fedha bila wawili kati yao, kisha ombeni nambari ya paybill iunganishwe nayo. Jukwaa la Kenya la M-Changa nalo hupokea michango kwa simu na kuonyesha jumla kwa kila mtu. Someni kwanza makato yake.

Mmoja wa watia saini awe mtu asiye wa ukoo. Hilo si kuwashuku jamaa. Ni kuwalinda na maneno, kwa sababu maneno kuhusu fedha za mgonjwa huumiza ukoo kwa miaka mingi.

15. Ahadi kwa kila kilomita au mchango wa mara moja?

Yote mawili yanafaa. Ahadi kwa kilomita huvutia: watu 40 wakiahidi shilingi 100 kwa kilomita na ukimaliza 21, ni shilingi 84,000. Ugumu ni kuzikusanya baadaye, kwa kuwa wengine husahau. Waombe walipe kabla ya siku ya mbio, na uandike wazi kitakachotokea usipomaliza (tazama swali la 25).

16. Kuna sheria yoyote tunayopaswa kuijua?

Kenya ina Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura ya 106, inayohitaji leseni kwa makusanyo ya fedha kutoka kwa umma. Kuwaomba jamaa na wenzako kazini ni jambo moja. Kusimama na mkebe kwenye kituo cha matatu ni jingine. Kabla ya kwenda kwa umma, piteni kwa chifu na ofisi ya naibu kamishna wa kaunti mwulize kinachohitajika, na mpewe jibu kwa maandishi. Kuhusu picha na taarifa za mgonjwa, tazama swali la 20.

17. Hesabu itolewe vipi?

Ndani ya mwezi mmoja baada ya mbio, kwa kila aliyechanga, hata aliyetoa shilingi hamsini. Onyesheni kilichoingia, kilichotumika kwa gharama, kilicholipwa hospitali au duka la dawa, na kilichobaki. Ambatisheni risiti, mkifunika majina ya wagonjwa. Mlipe kliniki moja kwa moja kila inapowezekana badala ya kumkabidhi mtu fedha taslimu. Kama mlikubaliana kwamba fulana na maji zitalipwa na mchango, kiwango kitajwe tangu mwanzo. Kwa maoni yangu fulana zilipiwe na wanaozivaa.

## Mgonjwa na familia yake

18. Mwanangu mwenye selimundu anataka kukimbia. Nimruhusu?

Muulize daktari wake, na uende ukiwa na swali mahususi: umbali gani, kwa mwendo gani. Mazoezi mepesi huwafaa wagonjwa wengi, na mtoto anayezuiwa kila mchezo huumia kwa namna nyingine. Hatari hutokea anapojisukuma hadi kuishiwa pumzi, anapokosa maji au anapopata baridi akiwa na jasho. Kutembea mita mia za mwisho akiwa ameshikana mkono na binamu zake, amevaa sweta na chupa ya maji mkononi, kwa kawaida kunawezekana. Akiwa ametoka hospitali hivi karibuni, ana homa au analalamika maumivu, atazame tu.

19. Je, wagonjwa wanaokuja kushangilia wahitaji nini?

Joto, maji ya kunywa, kivuli na mahali pa kukaa. Wafike karibu na wakati wa kumaliza badala ya kusubiri kwenye umande tangu alfajiri. Wawe na nguo za ziada, chai au uji moto, na dawa zao za maumivu. Hakuna kumwagiana maji, hata kwa furaha. Mtu mmoja asiye mkimbiaji awe na gari tayari na ajue ni hospitali ipi ataelekea mtoto akianza kuumwa, kwa sababu maumivu ya kifua, homa, mdomo kupinda au mkono kulegea ghafla hayasubiri hotuba zimalizike.

20. Tunaweza kutumia picha na hadithi ya mtoto wetu?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kwa mtoto idhini ya mzazi au mlezi inahitajika. Ila mimi huomba zaidi ya hapo: mtoto anayeelewa naye aulizwe, peke yake, bila wageni. Picha ya mtoto akilia na sindano mkononi huleta fedha haraka, na miaka kumi baadaye anapoomba kazi picha hiyo bado ipo. Tumieni jina lisilo lake, picha ya viatu vya wakimbiaji, picha ya mtoto akicheka. Akikataa kabisa, kimbieni kwa ajili ya ugonjwa bila kumtaja mgonjwa.

21. Mama mkwe anasema mbio zitaaibisha ukoo, na kwamba ugonjwa ulikuja na mimi. Nifanye nini?

Swali hili huletwa na akina mama kwa sauti ya chini, na linastahili jibu la wazi: ugonjwa haukuja na wewe peke yako. Mtoto hawezi kuugua selimundu bila kupokea jeni kutoka pande zote mbili, na jeni zote mbili zilikuwepo vizazi vingi kabla ya harusi yenu. Wala mbebaji hana kosa. Waliomtangulia waliponea malaria kwa sababu ya jeni hiyo hiyo, kama ilivyoelezwa katika swali la 2.

Usibishane naye mbele ya watu. Mwombe mumeo aongee na mamake, kwa kuwa ni yeye anayeweza kusema "Mama, hata mimi ninayo," au mwombe daktari awaeleze wote wawili siku ya kliniki. Wazee wengi hubadilika wanaposikia kutoka kwa daktari kwamba watoto wao wengine nao wanaweza kuwa wabebaji na kwamba wajukuu wajao wanahusika. Asipokubali, usimlazimishe na usilitaje jina la ukoo kwenye bango. Kimbieni kama kikundi cha marafiki.

22. Mimi ni mbebaji. Ni salama kukimbia?

Wabebaji wengi huishi na kukimbia bila tatizo lolote. Kuna hatari ndogo wakati wa juhudi kubwa sana katika joto kali bila maji, kwa hiyo jiandae polepole, kunywa maji, na usimame mara moja misuli ikilegea au ikiuma kwa namna usiyoizoea. Waambie wahudumu wa kwanza kwamba wewe ni mbebaji.

## Hali ngumu

23. Tunataka kuchangisha ili mtoto apelekwe India kupandikizwa uboho. Inafaa?

Upandikizaji wa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unaweza kuponya selimundu, na matokeo yake ni bora zaidi mtoto akiwa mdogo na mtoaji akiwa ndugu wa baba na mama mmoja anayelingana naye. Kila ndugu kama huyo ana uwezekano wa asilimia 25 tu wa kulingana. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kipimo cha kulinganisha mtoto na ndugu zake, na mbio za kwanza zinaweza kulipia hicho. Msitangaze safari kabla ya matokeo, kabla ya daktari wa damu kueleza hatari zake, ambazo ni pamoja na kifo, na kabla ya kupata makadirio ya maandishi yanayojumuisha malazi ya mlezi kwa miezi kadhaa na ufuatiliaji baada ya kurudi. Nimewasihi wazazi wengi juu ya jambo hili kwa sababu fedha zilizochangwa kwa safari isiyowezekana ni vigumu kuzielekeza kwingine bila kuvunja imani.

Tiba za kurekebisha jeni zilizoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023 ni habari njema, lakini mojawapo ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mbio za familia haziwezi kuifikia leo. Zinaweza kumweka mtoto hai na mwenye afya hadi bei ishuke.

24. Mheshimiwa anataka kuchanga fedha nyingi, ila apigwe picha na wagonjwa.

Pokeeni mchango kupitia paybill kama wa wengine, na picha ipigwe na wakimbiaji. Akisisitiza wagonjwa, mshukuruni na mkatae.

25. Nisipomaliza mbio, nirudishe fedha?

Mweleze kila mchangiaji kilichotokea na umwulize. Karibu wote husema fedha ziende kwa wagonjwa. Atakayetaka zake arudishiwe siku hiyo hiyo bila manung'uniko.

26. Mgonjwa akifariki kabla ya siku ya mbio?

Simamisheni uchangishaji mara moja, hata kama umebaki mdogo. Uamuzi ni wa wazazi wake, na wasiulizwe kabla ya mazishi. Baadhi ya familia hupenda mbio ziendelee kwa jina lake, nyingine hazitaki kulisikia jambo hilo tena, na zote zina haki. Fedha zilizokwisha kuingia kwa ajili ya dawa zisihamishiwe gharama za mazishi bila wachangiaji kujulishwa; fungueni mchango mwingine wa msiba, ulio wazi, na zile za kwanza zikae benki hadi wazazi watakapokuwa tayari kusema ziende kwa mtoto yupi.

27. Sina fedha za kutoa wala magoti ya kukimbia. Nisaidieje?

Toa damu. Watoto wenye selimundu huongezewa damu mara kwa mara, na ukosefu wake huchelewesha matibabu ambayo fedha haziwezi kuyanunua. Nchini Kenya mtoaji awe na afya njema, umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi. Mwanamume anaweza kutoa tena baada ya miezi mitatu na mwanamke baada ya minne. Wanaokimbia nao watoe, ila baada ya mbio, kwa sababu mwili huchukua wiki kadhaa kurudisha chembe nyekundu na atakayetoa wiki ileile atachoka kabla ya kilomita ya tano. Vikundi vingine huwaalika wahudumu wa benki ya damu mahali pa kumalizia mbio, ili mashabiki watoe wakati wakimbiaji wakiwa njiani.